Kwa Ragnfrid, Aliyejua Maji ya Kilindini

Wewe unayekimbilia ukurasa wa mpira, rudi hapa. Habari ya maji ya kilindini imepita mbele yako tangu majira ya baridi, nawe unageuza uso kama uliyekutana na mkwe usiyempenda. Leo tunazungumza na mtu wetu. Sikiliza.

Ragnfrid dada yangu, mwaka umetimia tangu moyo wako usimame pale gatini Vardø, ukiwakemea mabaharia kwa jinsi walivyoshusha masanduku yako. Hata kifo kilikukuta unagomba! Tunacheka tukikumbuka, na Mama anatushinda sote kwa kucheka.

Wema wako ulikuwa wa makelele. Kila safari ulibeba vikombe vya plastiki ya povu vilivyochorwa na watoto wa shule, ukavifunga pamoja na chupa za kuchotea maji, vikashuka nazo. Vilirudi vimebanwa na uzito wa bahari, vidogo kama kastabini. Watoto walikupenda kwa hilo tu.

Kazi yako ulimweleza hata asiyeuliza. Kwamba mkondo wa vuguvugu hutoka Atlantiki, na ukifika kaskazini mwa visiwa vya Svalbard hupiga mbizi chini ya maji baridi, umebeba viumbe wake wasioonekana kwa macho. Juu penye mwanga wanaishi hawa, chini gizani wanaishi wengine kabisa. Mkondo ukibadilika nao wanabadilika, na chewa wetu atakula kitakachobaki.

Unakumbuka siku uliyoacha dumu lako la maji ya kilindini barazani, na Shangazi Gudlaug akalichukua kupikia samaki, akidhani ni maji ya bahari ya kila siku?

"Shangazi! Hayo yametoka mita elfu mbili chini!"

"Ndiyo maana sikutia chumvi."

"Umewachemsha watu wangu!"

"Basi kaa uwazike. Viazi vimeiva."

Ulinuna kidogo, halafu ukaongeza sahani ya pili.

Lakini kuna jambo sijalisahau na sitalisahau. Mkuu wa kituo chenu cha utafiti wa bahari alikaa kwenye meza yetu ile ile, akala keki ya Mama, akakuambia setilaiti inatosha kuichunguza bahari.

"Inaona ngozi tu," ukamjibu. "Wewe ukiumwa ini, bwana, utamwonyesha daktari ngozi?"

Akakoroga kahawa isiyo na sukari.

Sasa hupo, amepata nafasi. Anataka winchi, ile mashine ya kushushia chupa zako kilindini, ing'olewe kwenye meli ya kituo, yachotwe maji ya juu peke yake. Uliyafuata maji ya chini tangu ukiwa msichana, bila kuruka mwaka. Ya mwaka huu yakipita bila kuchotwa, hakuna atakayeyarudisha, hata awe na akili zako.

Unakumbukwa na mama yako Borghild, mumeo Eilert, binti yako Synnøve ambaye amerithi mdomo wako, Shangazi Gudlaug, na mimi kaka yako Torleif. Maadamu tunapika samaki nyumbani humu, jina lako litatajwa.

Nawe msomaji, bodi ya kituo inakutana leo jioni ukumbi wa wavuvi, na mlango uko wazi kwa kila mtu. Usimwachie jirani, naye amekuachia wewe. Njoo useme mbele yao: winchi ibaki. Weka gazeti chini, chukua koti, toka.