Kifungo cha Nje

Alhamisi, Stechford

Bado nacheka peke yangu jikoni kama mwehu. Kaka Idi haendi jela! Texas hiyo hiyo wanakopenda kufunga watu, na jaji kamwachia arudi kwake, ilimradi asirudie kosa. Ile kesi ya gari la wizi ilinikondesha.

Nikampigia Mama, Tanga. "Mama, kapewa kifungo cha nje!"

Akaangua kilio. "Mwanangu kafungwa nje! Nani atampelekea chakula huko ng'ambo?"

"Mama, yuko kwake, anakula wali!"

Akapenga kamasi. Kisha: "Si ungesema tu yuko nyumbani, we mtoto!" Tukacheka mpaka nikakaa sakafuni.

Ila haruhusiwi kutoka Texas mpaka amalize muda wake, hata kwenda kumwona Mama. Hilo sijamwambia.

Kafungwa nje kweli.