Helikopta Ikinigeukia

Mama Timo,

Muthokoi iko kwa sufuria, bado chumvi. Maji ikija, Kanini ajaze mitungi yote, sio mmoja halafu arudi kwa simu.

~~Nimeenda kazini.~~ Nimeenda Kawangware kumwona Timothy.

Wacha nikwambie ukweli. Ile helikopta yake ya rimoti, aliyoacha chini ya kitanda akihama, nimekuwa nikienda nayo uwanjani Sarang'ombe kila asubuhi. Mimi niliyemwambia mwanaume mzima hachezi na toi. Nilitaka kujua alikuwa anaona nini huko juu.

Ikinipa mkia naiweza, inatulia hewani vizuri. Lakini leo ilinigeukia, tukaangaliana. Ikikuangalia hivyo kila kitu kinakuwa kinyume, kushoto ni kulia. Nilitaka kuivuta karibu, mkono ukaisukuma mbali. Ikagonga goli, propela ikavunjika na mkia ukang'oka.

Nikakaa kwa nyasi na rimoti mkononi. Unakumbuka Timothy akigeuka hapo mlangoni na begi yake? Alikuwa anangoja niseme kitu. Nilitaka kusema baki. Nikasema funga mlango.

Nimeibeba kwa mfuko wa unga. Nitamwambia nimeleta aitengeneze. Hiyo naweza kusema. Ile ingine sijui.

~~Ongeza chakula ya mtu mmoja.~~ Wacha, usiongeze. Akikubali kuja, atakula yangu.

~~Kaloki~~
Baba Timo