Zuhura Asiambiwe

Alhamisi, 8 Mei

Nimempikia Shabani uji wa mchele. Amekunywa vijiko vichache, akasema hauna chumvi. Chumvi ilikuwamo. Dawa zimemharibu ulimi. Mkewe, Mwanaidi, amekuwa akimgeuza ubavu tangu alfajiri. Shabani ni mdogo wangu wa mwisho. Sijazoea kumwona amelala mchana.

Binti yao Zuhura amepiga simu adhuhuri. Huko Malaysia ni jioni, ametoka kazini. Yuko mwaka wa mwisho wa shahada ya biashara, na chuo kimempeleka kwenye mafunzo ya kazini katika kampuni ya kufungasha mchele. Wenzake husema yuko fildi. Mimi sisemi hivyo. Amenieleza kwamba meneja anataka aitwe kwa jina tupu, bila ya bwana wala mzee. "Shangazi, wewe ungenichapa," akasema. Kweli ningemchapa.

Shabani amezungumza naye kidogo. Amekaza sauti. Alipomaliza alihema kama aliyepanda kilima na gunia, akatuomba binti asiambiwe kuwa yeye ni mgonjwa. Sikupenda, lakini nimekubali.

Jumatatu, 12 Mei

Shabani amefariki alfajiri. Tumemzika alasiri. Siwezi kuandika zaidi.

Alhamisi, 15 Mei

Tumeanua matanga. Watu walipotawanyika, kaka Athumani alituita ndani. Yeye ndiye mkubwa wetu na neno lake ndilo la mwisho. Amesema Zuhura asiambiwe mpaka atakapowasilisha kazi yake mbele ya mameneja na mwalimu wa chuo, tarehe 29.

"Mtoto akijua atapanda ndege. Akipanda ndege, mafunzo yamekwenda, shahada imekwenda, ufadhili umekwenda. Shabani atakuwa amekufa mara mbili."

Kwetu ndivyo ilivyo. Msomi wa mbali hapelekewi msiba kabla ya mtihani. Wakati mtoto wa Athumani alipokuwa akifanya mtihani Tabora, tulimficha kifo cha bibi yake mpaka alipofika nyumbani likizo na kukuta kitanda kitupu. Tulijisifu.

Tumekubaliana kusema Shabani yuko Maparoni, analinda mpunga dhidi ya ndege. Kila mwaka majira haya hulala huko shambani, juu kwenye dungu, na simu haishiki. Ni uongo unaokaa vizuri. Hilo ndilo linaloniudhi.

Nimepewa mimi kuusema. Athumani anasema mimi mwalimu nitaaminiwa, maana sijawahi kudanganya. Mwanaidi alikuwa amekaa kwenye mkeka, amefunika uso. Hakuulizwa.

Ijumaa, 16 Mei

Zuhura amepiga. Nimesema. Ameamini mara moja.

"Wasalimie ndege wa Maparoni. Na yeye mwambie ashuke mapema, asije akaota mbawa."

Amecheka. Nami nikacheka. Nilipokata simu nikatawadha upya, ingawa udhu haukuwa umetenguka.

Jumatano, 21 Mei

Amepewa kazi ya maana hatimaye. Wiki za kwanza alikuwa akipanga mafaili na kutoa nakala. Sasa ameambiwa aeleze namna wakulima wadogo wanavyotambua mchele mzuri. Anataka jibu la baba yake. Kwa nini wanunuzi wa hapa Kibiti huuliza kwanza kama mchele ni mpya au wa mwaka jana?

Jibu ninalijua. Mchele uliokaa hujaa chunguni, mpya hugandana. Lakini Shabani angeeleza kwa saa nzima, na angelinganisha mbegu kwa mbegu, na angetafuna punje akiwa anazungumza. Nimejibu kwa maneno machache na kusema ndivyo baba yake anavyosema siku zote.

Kisha akataka kumwona mama yake kwa video. Mwanaidi yuko eda. Hana herini, hana wanja, amevaa nguo nyeupe tupu. Zuhura ni mtoto wa Kibiti. Angeona nguo ile asingehitaji maelezo. Nimesema kamera ya simu imekufa.

Nimechoka kusikia sauti yangu.

Jumapili, 25 Mei

Ametuma ujumbe wa sauti na kuniomba niufikishe Maparoni kwa mtu yeyote aendaye huko. Nimeusikiliza jikoni peke yangu.

"Baba, shikamoo. Nimekukosea nini? Watu wa Maparoni hupanda mtumbwi kutafuta mtandao, wewe miaka yote hupanda ukanipigia. Kama ni lile neno nililosema kwamba nikimaliza nitatafuta kazi hukuhuku, nisamehe. Nilikuwa natania."

Anadhani baba yake amemsusia.

Baadaye ameniandikia mimi kwamba halali. Juzi amepeleka magunia ya mteja mmoja kwa mteja mwingine na meneja amemwita ofisini. Ameambiwa akikosea tena, kazi yake itatathminiwa vibaya. Tulificha ili asiharibikiwe. Anaharibikiwa.

Nimemweleza Athumani. Amesema zimebaki siku chache, tuvumilie.

Jumatatu, 26 Mei

Leo Zuhura ameomba kitu kimoja tu: kabla hajaingia kuwasilisha, baba yake amsomee dua kwa kinywa chake. Hata kwa ujumbe wa sauti. Amesema bila ya hiyo haendi.

Nilidhani Athumani atakubali sasa kwamba tumefika mwisho wa njia. Hakukubali. Amevua kofia, akaivaa tena, akasema dua ataisoma yeye.

"Sauti zetu moja. Hata marehemu mama alikuwa akitukosea."

Ni kweli. Sauti zao zilikuwa moja. Amekwisha kukohoa kusafisha koo, na simu yangu iko mkononi mwake.

Mwanaidi hajasema neno mbele ya wanaume tangu mazishi. Amesema leo, bila kuinua uso.

"Shemeji, sauti ya mume wangu nimeizika. Usiifukue."

Athumani amerudisha simu kwenye mkeka. Hakuna aliyeigusa. Mimi ndiye niliyeichukua.

Jumanne, 27 Mei

Nimempigia adhuhuri. Nilimwambia akae.

"Nimekaa, shangazi."

"Baba yako hayuko Maparoni. Baba yako amefariki. Tumemzika hapa Kibiti, karibu na bibi yako."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengine. Sikuyatumia. Kulikuwa na kelele za magari upande wake, kisha mlango ukafungwa na kelele zikaisha. Aliuliza lini. Nikamwambia. Aliuliza nani alimwosha. Nikamwambia Athumani na imamu. Aliuliza nani aliingia kaburini kumpokea. Nikamwambia. Alikuwa akiuliza kama mtu anayekagua mzigo, mpole kabisa, na mimi nikijibu.

Kisha akasema: "Ijumaa ile nilipotania habari ya ndege, alikuwa amekwisha kuzikwa."

"Ndiyo."

"Mkaniacha nikacheka."

Akakata simu.

Jumatano, 28 Mei

Simu yake imefungwa.

Athumani amekuja asubuhi, hakukaa. Amesema nimemharibia mtoto na nimevunja kikao cha ukoo; kwamba ualimu umenitia kiburi. Nimemsikiliza mpaka mwisho. Ni kaka yangu. Huenda ana haki.

Mwanaidi ameswali, amekaa, ameswali tena. Hali chakula.

Alhamisi, 29 Mei

Siku ya kuwasilisha. Simu imefungwa. Nimepika, tumekitazama chakula.

Ijumaa, 30 Mei

Zuhura ameandika kwa mama yake. Nilimsomea, maana macho ya Mwanaidi yamevimba.

Jana alikwenda kazini akiwa amevaa nguo za msiba. Meneja alimuuliza, akamweleza. Yule bwana anayeitwa kwa jina tupu alisimama, akamshika bega, akamuuliza kwa nini yuko kazini. Akampa mapumziko. Akampigia mwalimu wa chuo mbele yake, na siku ya kuwasilisha ikasogezwa wiki moja. Hakuna barua wala kikao. Jioni wanafunzi wenzake Waislamu walikaa naye chumbani wakamsomea baba yake khitma.

Wiki moja. Kupiga simu tu. Katika ukoo mzima wenye watu wazima waliojaa chumba, hakuna aliyefikiri kuuliza. Hata mimi.

Nimempelekea Athumani habari. Akauliza kama mtoto anakula.

Alhamisi, 5 Juni

Mvua ndogo asubuhi, kisha jua.

Zuhura amepiga adhuhuri. Ameniamkia, nimeitikia. Amesema amewasilisha na kazi yake imekubaliwa. Nimempongeza. Nilingoja kidogo, labda angesema kitu kingine. "Mpe mama simu," akasema.

Nimempa, nikawasha video. Mwanaidi hakujifunika. Amekaa na nguo yake nyeupe, simu ameiegemeza kwenye mtungi, wakatazamana. Hawakulia.

Kisha nilimsikia Mwanaidi akimuuliza amekula nini. Zuhura akaanza kumtajia.

Nikavuta mlango, nikaenda kupeta mchele.