Kampala Ukutani

Jumapili, 14 Juni 1964

Zaina amerudi kutoka Kampala. Amenona, mwanangu. Mtaa mzima wa Mangobo umepita hapa kumtazama. Nilivaa kitenge kipya nikaweka kiti mlangoni, asipite mtu bila kuuliza.

Bon, niandike jambo lenyewe. Savonnerie Kadidja, kiwanda changu cha sabuni, itazaa kule Uganda. Zaina anasema filiale, yaani kampuni mtoto. Amenieleza mara nyingi, mimi na miaka yangu miwili ya shule, na sasa naelewa kuliko shemeji yangu Yakubu aliyemaliza darasa la sita. Kule itakuwa kampuni ya kule: jina lake, kodi yake, ikikosea inashtakiwa yenyewe. Lakini hisa nyingi ni zangu. Zangu mimi, mjane wa Sefu, niliyeanza kupika sabuni katika sufuria ya pilau. Zilizobaki ni za Muhindi mmoja mwenye ghala, maana lazima awepo mtu anayejulikana pale. Na Zaina ndiye directrice, mkuu wa yote ya kule. Directrice! Nimelitamka kutwa nzima, hata kwa muuza majani ya pondu.

Yakubu alikuja jioni. Akasema ukoo unahitaji mwanamume mbele ya kampuni ya nje, la sivyo wageni watatucheka. Nikamwambia wageni wakitaka kucheka wanunue sabuni kwanza.

Jumanne, 23 Juni

Zaina anaondoka kesho na lori la Hilaire, njia ya Bunia. Leo nimempa mbegu.

Mama mkwe wangu ndiye aliyenifundisha. Katika kila sufuria mpya unatia kipande cha sabuni ya sufuria iliyotangulia, ndipo mafuta na maji ya majivu yanakubaliana upesi. Ya leo inatoka kwa ya jana, ya jana kwa ya juzi, mpaka kwake yeye. Siku hizi natumia soda ya dukani kwa Mgiriki, lakini mbegu sijaacha. Nimekata kipande kikubwa kama kiganja, nimekifunga katika jani la ndizi na kitambaa. Bila hicho, hiyo ya Kampala itakuwa sabuni ya watu tu.

Na sharti nimemkumbusha: mbele ya sufuria hakuna uongo. Ukidanganya na mwiko mkononi, sabuni haishiki, inabaki uji. Zaina akacheka, akasema maman, kule nitafanya biashara namna gani? Nikamwambia utoke nje ya jiko kwanza, mutoto, udanganye, kisha urudi.

Jumamosi, 11 Julai

Hilaire amerudi. Sabuni ya Kampala imeshika! Ngumu kama tofali, anasema. Ameniletea mche mmoja umefungwa karatasi ya manjano, jina langu juu, na KAMPALA chini yake.

Nimetembea nao soko zima la Mangobo. Claudine anayeniletea mawese kutoka Isangi aliunusa akasema, dada, harufu ni ileile yako. Nikamwambia rudia kwa sauti, wale wa upande wa samaki hawajasikia.

Mchana nikamwita Édouard mchora mabango. Sasa ukuta wangu wa barabarani unasoma SAVONNERIE KADIDJA, KISANGANI – KAMPALA. Rangi nyekundu. Édouard aliuliza mbona Kampala iwe kubwa kuliko Kisangani. Kisangani kila mtu anaijua, nikamwambia. Iko hapa.

Ijumaa, 31 Julai

Wanasema waasi wameshika Kindu na wanapanda kuja huku. Uwanja wa Simi-Simi, ndege zinabeba wazungu na masanduku yao. Mgiriki amefunga duka. Soda imekwisha. Donc, nimerudi kwenye majivu ya maganda ya ndizi kama zamani, kuchuja maji tangu asubuhi. Sabuni ya majivu ni laini kidogo, unaitia chumvi ikaze, na chumvi nayo haionekani.

Yakubu amesema nifute ukuta. Mtu mwenye kampuni nchi ya watu, waasi watamwita jasusi. Nikamwuliza, na wewe mwenye redio inayoongea Kifaransa watakuitaje? Ameondoka bila kumaliza chai.

Sifuti.

Alhamisi, 6 Agosti

Wasimba, ndio hao waasi, wako mjini tangu jana. Walipita barabara yetu wakiimba, majani kichwani, ngozi za wanyama shingoni. Tulifunga mlango. Sikuzima moto. Sufuria ilikuwa katikati ya mapishi, na sufuria haiachwi katikati hata wakiingia wafalme.

Claudine anasema hawaruhusiwi kuguswa na mwanamke, dawa yao itaharibika. Na kuoga pia hawaogi, dawa isitoke. Nikakaa chini nikacheka mpaka nikashika mbavu. Mimi, mpika sabuni, mji wangu umetekwa na watu wasiooga.

Jumatatu, 17 Agosti

Yakubu amekuja na ndoo ya chokaa na brashi. Mtaa wa pili wamemchukua mtu kwa sababu ya redio tu. Yake ameizika chini ya banda la kuku, kuku wamegoma kutaga. Akasema, shemeji, nakuomba kwa jina la marehemu Sefu. Hapo kidogo niliyumba.

Lakini nikamwambia hivi: Mbelgiji wa kusajili kampuni alikataa kuandika jina langu, akitaka la mwanamume, nikasimama mbele ya meza yake mpaka akachoka. Wewe mwenyewe ulitaka kuwa mbele, nikakukatalia. Leo Kampala ya mwanangu niiondoe kwa mkono wangu kwa sababu ya mtu anayepita? Kampala si Ubelgiji. Atakayeuliza nitamjibu.

Akapaka chokaa nyumba yake. Ndoo isipotee bure, alisema.

Wapiganaji wawili walisimama ukutani. Mmoja alisoma herufi moja moja. Mwingine akauliza Kampala ni nani. Mke mwenza, akajibu wa kwanza. Wakaenda zao.

Jumanne, 8 Septemba

Ameuliza, na jibu langu halikufaa kitu.

Ni commandant, mkuu wa wapiganaji, jina lake Léon, zamani karani wa mahakama. Mtu mzima, mpole, miwani imefungwa kwa uzi. Alisimama mbali kidogo nami kwa ajili ya dawa yake. Sikuwa na hofu. Nilijitayarisha kwa ukali, nilikuwa na maneno yangu yote mdomoni.

Hakuwa mkali. Alisifu. Aliusifu ukuta, akanisifu mimi, mwanamke wa kwanza Kisangani kuvusha kampuni mpaka wa nchi. Na mimi mjinga nikaanza kueleza! Ghala la Muhindi nikaeleza. Zaina directrice nikaeleza. Lori linapita wapi, nikaeleza. Mche wa karatasi ya manjano nikautoa niuonyeshe. Alisikiliza kama mkwe anayekuja kuposa.

Kisha akasema, mama, umelifanyia taifa kazi bila kujua. Sisi tunahitaji vitu kutoka nje. Masanduku ya sabuni hayafunguliwi mpakani. Mtu wangu atakwenda kwa binti yako, utampa neno lako, na mutoto hawezi kukataa neno la mama yake.

Nikauliza vitu gani. Akasema, vizito kuliko sabuni.

Amerudi kambini. Alhamisi anataka jibu.

Nimekaa. Chakula sijagusa. Zaina akikamatwa na vitu hivyo, kampuni ya kule itashtakiwa yenyewe, si ndivyo alivyonieleza? Na directrice ni nani? Atafungwa nchi ya watu, naye hatajua ni mdomo wa mama yake uliomfunga. Nikikataa, mtu wa commandant atakwenda hivyohivyo na jina langu mdomoni. Zaina atamwamini. Commandant nimemwambia mwenyewe kila kitu isipokuwa rangi ya mlango.

Wote walisema nifute, wakiogopa nitapigwa. Kumbe kupigwa kungekuwa nafuu.

Jumatano, 9 Septemba

Asubuhi nilichukua maji makali ya majivu, brashi ya katani na ngazi. Nikapanda mwenyewe. Yakubu alitokea, hakusema nilikuambia. Alishika ngazi. Hilo nitamkumbukia.

Kampala ilitoka polepole. Rangi nyekundu ilinitiririkia mpaka kwenye viwiko. Herufi zinaonekana bado, kama kovu, lakini nimesugua mpaka udongo.

Kisha nikawaita, yeye na Claudine, nikawaambia tutakalosema. Hakuna filiale. Haijawahi kuwepo. Binti yangu aliolewa na fundi cherehani, mji gani sijui vizuri, ananiandikia mara chache. Mengine yote nilijisifu tu, kwa sababu mimi ni mtu wa kujisifu.

Yakubu akauliza, donc nikaape mbele ya commandant kwamba wewe ni mwanamke wa maneno makubwa, na ndani hakuna kitu?

Ndiyo.

Shemeji, akasema, hiyo nitaisema bila kulipwa.

Claudine alicheka, kisha akalia. Mimi sikulia. Mche wa karatasi ya manjano nimeuogea wote, nimesugua mpaka ngozi inawaka. Karatasi imeingia motoni. Harufu ni ileile yangu.

Hilaire anajaribu kupita leo, njia bado haijafungwa kabisa. Nimempa neno la kumpelekea Zaina: asipokee mtu kwa jina langu. Akija mtu anasema katumwa na mama, amwulize mbegu ilifungwa katika nini. Asiyejua, afunge mlango.

Alhamisi, 10 Septemba

Nilitaka nimpokee commandant uani, mbali na jiko. Amekuja mapema. Mafuta yalikuwa yameanza kushikana, mbegu imeshaingia, nikiacha mwiko vyote vinaharibika. Akaingia jikoni moja kwa moja na wapiganaji wake.

Basi nimedanganya na mwiko mkononi. Mbele ya sufuria. Mama mkwe anisamehe.

Nimesema yote. Sina kampuni nje. Sina directrice. Sina kitu. Yakubu akaapa, alifurahia mno, akaongeza na mambo ya harusi yangu. Claudine akasema, Mama Kadidja akiuza miche miwili anasema meli nzima. Wapiganaji walicheka. Na mimi nikacheka, nikikoroga.

Commandant hakucheka. Aliuliza mche wa manjano uko wapi. Nikasema ilikuwa karatasi ya peremende niliyoiandika mwenyewe, sabuni ni yangu ya hapa, nimeogea. Akatazama mikono yangu yenye madoa mekundu.

Akasema, mama, miaka mingi nimekaa mahakamani nikisikia uongo. Wote wanajiongeza. Sijawahi kumwona anayejipunguza.

Nikamwambia, bon, leo umemwona.

Akaagiza mtu mmoja abaki mlangoni. Atarudi jioni, sabuni ikiwa tayari. Anataka kuiona. Akasema, na wewe nitakuuliza tena, polepole. Inaonekana Yakubu, kwa furaha yake, alimweleza nje habari za sharti la sufuria, kwamba mbele ya uongo sabuni haishiki. Mdomo ni wa ukoo mzima.

Saa hizi sabuni imo katika kalibu, inagandia humo. Sikuwa na chumvi ya kutosha, na ni ya majivu. Sabuni ya majivu ni laini, nimeandika humu tangu Julai, kila mpika sabuni anajua. Nitamwambia hivyo. Nitamwambia huku nikimtazama usoni. Na isiposhika kabisa nitaiuza hivyohivyo kwa kijiko, na Mangobo watanunua, maana ni yangu.

Hilaire hajarudi. Hiyo ni habari njema. Amepita.

Nimebonyeza kwa kidole gumba. Kimeingia. Nimengoja, nimebonyeza tena. Juu pameshika kidogo, kama ngozi ya maziwa. Chini yake sijui.

Yule wa mlangoni amesimama wima. Gari la commandant limezima nje.