Halwa ya Skuli ya Rahaf

Ghubra, Maskati
20 Agosti 2024

Mwanangu Rahaf,

Salamu nyingi zikufikie huko Kent, wewe na mama yako Nasriya, dada yangu. Hapa sote wazima, ila joto limenikondesha, na mimi si mtu wa kukonda.

Nasikia mama kakunyang'anya simu mpaka mtihani upite, ndiyo maana nakuandikia kwa mkono. Nasikia pia skuli yenyewe ni ya serikali, wasichana tu, na haingii ila aliyeshinda mtihani. Utashinda. Damu yangu hiyo! Mimi niliishia darasa la nne, lakini mwaka wa mafuriko niliivuta gari ya watu tisa kutoka wadi ya Qurayyat, bonde limejaa maji, kwa kilemba changu tu. Muulize yeyote.

Barzani, kwenye kahawa yetu, nshawaambia wazee wenzangu umeshaingia. Ijumaa nagawa halwa.

Mjomba wako,
Sleyum


Kent, 1 Septemba 2024

Shikamoo mjomba,

Sisi hatujambo, natumai nanyi hamjambo.

Mjomba, mtihani wenyewe ni wiki ijayo! Watoto wengi, nafasi chache. Hesabu nnaziweza, lakini yale maumbo ya kugeuzageuza yananitoa jasho. Mama ananisimamia kila jioni, anasema nikifeli ni aibu ya familia nzima. Tafadhali usigawe halwa.

Mpwa wako,
Rahaf


Ghubra, 12 Septemba 2024

Rahaf mwanangu,

U mzima? Mama je?

Barua yako imekuta halwa imeshaliwa. Mzee Bakhit wa barzani katoka mtaa wa Madinat Sultan Qaboos kuja kuila, kala sahani mbili, na sukari anayo. Sasa nitaitoaje tumboni mwake? Barua hii ikifika mtihani umeshapita, lakini wewe shinda tu.

Mjomba wako,
Sleyum


Kent, 18 Oktoba 2024

Shikamoo mjomba,

Natumai u mzima.

Majibu yametoka. Sikupata. Zimepungua alama kidogo tu. Mama hasemi nami tangu jana, anapika tu. Anasema Maskati atamtazama nani usoni, na watu wote wamekula halwa yangu. Nitakwenda skuli ya mtaani, isiyo na mtihani.

Samahani, mjomba.

Mpwa wako,
Rahaf


Ghubra, 6 Novemba 2024

Rahaf mwanangu,

Hujambo? Sisi wazima, na joto limepungua.

Nimekwenda barzani na sinia jingine la halwa. Bakhit akaruka: "Kapewa nishani sasa?"

Nikamwambia, "Hakupata skuli ile. Kuleni."

Akasema, "Sleyum, halwa ya kufeli?"

"Na mama yangu alipofariki, hukula hii hii, hapa hapa? Halwa ni ya harusi na ya msiba. Mtoto wetu kafanya mtihani, basi na mtihani una halwa yake."

Akanyoosha mkono. Kahawa ikapita.

Mama yako nimempigia. Nimemwambia, halwa niligawa mimi, mtoto alinikataza. Kalia sana, kisha kauliza kama imebaki. Nimewatumia kopo. Nusu yako, usidhulumiwe.

Mjomba wako,
Sleyum


Kent, 14 Septemba 2025

Shikamoo mjomba,

Sote wazima. Mama anakusalimu, na anasema kopo lilikwisha zamani.

Nimeanza skuli mpya. Mwalimu alitaka kila mtu asimame aeleze habari ya mtu wa kwao. Nikaeleza ulivyoivuta gari wadini kwa kilemba. Msichana mmoja akasema haiwezekani, watu tisa ni wazito mno.

Nikamwambia, na ngamia alikuwemo.

Wakikuuliza, mjomba, usinikanushe.

Mpwa wako,
Rahaf