Zawadi ya Mgeni Rasmi

Ilomba, Mbeya

Mama yangu mpendwa,

Kamwene, na shikamoo nyingi. Natumaini goti limepoa na baridi ya Nyololo haijakukaza sana. Sisi huku ni wazima wa mwili, ila moyo wangu unachemka. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ningepiga kelele, na simu yako, tangu Marcelino aje huko, anaipokea yeye. Barua nimempa jirani yangu Yudith, akukabidhi wewe mwenyewe mkononi.

Kazi yangu unaijua: kulisha na kutibu wanyamapori wanaookotwa hapa mjini, ndege, kobe, hata vinyonga, mpaka wapone warudi porini. Jumamosi ilikuwa siku ya wananchi kutembelea hifadhi yetu. Kwaya iliimba, watoto wa shule walipanda miti, akina mama wa mtaani waliuza mahindi ya kuchoma. Mgeni rasmi alikuwa mzee mmoja wa Chimala mwenye mashine za kukoboa mpunga, ndiye aliyetununulia uzio mpya. Hadi hapo nilikuwa na furaha, nimevaa hata kile kitenge ulichonipa.

Sasa sikia alichofanya mwanao. Marcelino ndiye katibu wa kamati ya sherehe, na ni mimi niliyempigia debe apewe nafasi hiyo. Alitakiwa atafute mbuzi wa kumzawadia mgeni. Hakutafuta. MC alipotangaza zawadi, akaingia bandani kwangu akamtoa Sekela. Sekela ni funo, yule swala mdogo wa msituni. Aligongwa na bodaboda akiwa bado ananyonya, nikamlea kwa chupa, na mwezi ujao tungemrudisha msituni. Marcelino akamfunga utepe mwekundu shingoni, akamkabidhi mgeni, watu wakapiga vigelegele.

Nilisimama nikasema huyo si mbuzi. Mwenyekiti wetu, mzee Anyelwisye, akanivuta nguo akaniambia nikae, nisiwaaibishe mbele ya mgeni, mambo yatarekebishwa baadaye. Nikakaa. Mgeni naye akasema kama wasemavyo wageni wote, kwamba zawadi ameipokea kwa mikono miwili na anairudisha kwa kamati wafanye kitoweo. Nilidhani ni maneno ya jukwaani tu. Ni nani mwenye akili timamu anayechinja mnyama wa hifadhi ndani ya hifadhi? Nikaenda getini kuwaaga watoto, na niliporudi nikakuta ngozi imetandazwa kwenye uzio ule mpya, nyuma ya jiko.

Marcelino aliponiona alicheka. Alisema mgeni hawezi kuondoka bila heshima, na kwamba mimi nimezidi, namlilia mnyama kama vile nimefiwa. Ndiyo, namlilia. Mchana kutwa tulishika kipaza sauti tukiwakataza watu kula wanyama wa porini, na jioni hao hao waliokataza wakalamba vidole. Nimewachukia wote walioshika sahani siku ile, na sioni haya kukuambia.

Mama, hapa ndipo pagumu. Kesho yake ulinipigia ukisifu nyama ya kubanika aliyokuletea Marcelino. Ulisema ni mbuzi wa sherehe, ukamshukuru Mungu kwa mtoto anayemkumbuka mama yake. Haikuwa nyama ya mbuzi. Nilishindwa kukuambia kwa sababu ulikuwa na furaha. Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa watu wa maliasili nikamtaja kwa jina lake lote, Marcelino Kalinga. Aliyemshtaki ni mimi, usimtafute mwingine. Watakuja hapo nyumbani wiki hii kuuliza. Wewe huna kosa, hukujua ulichopewa. Lakini yeye atakuomba useme ulikula mbuzi, na najua hujawahi kumnyima kitu. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Nisalimie shangazi Benedicta na wenzako wote wa jumuiya, waambie tunawaombea mvua. Dawa ya goti ameibeba Yudith, paka usiku kabla ya kulala. Na kama kuna kipande bado kinaning'inia jikoni juu ya moshi, usikile, usikitupe, wala usimpe Marcelino akakifukie. Waoneshe hao watu wa maliasili.

Mwanao pia,
Evarista