Wezi Waliokaza Uso

Baba Salma,

Huu mwezi wa pili nimekaa eda. Tangu tukuzike sitoki, nimo humu humu ndani, Queensbury hapa Uingereza. Watu huja na vyakula, huniambia subira, nami husema inshallah. Hadi jana nilikuwa sijalia. Dada yako Zuwena, aliyekuja kukaa nami, aliliona hilo, na wallahi najua alidhani sikukupenda. Salma huniuliza kwa Kiingereza chake kama niko sawa, namjibu niko sawa. Sisikii kitu, Baba Salma. Nakunywa chai na sijui kama nimetia sukari.

Jana baada ya adhuhuri nyumba ilikuwa kimya mno, nikaweka moja ya filamu zako za wezi wa Kiingereza. Si kuitazama. Nilitaka zile kelele zako za Jumapili, ambazo miye nilikuwa nikizikimbilia jikoni. Tena nikikubeza: mtu mzima na mvi zake, kutwa anacheka na wezi! Nawe ukipaza sauti makusudi: "Njoo uone, Mama Salma! Hawa hawachekeshi kwa kucheka, wanakaza uso!" Ulisema filamu hizo ndizo zilizokufunza kuwajua watu wa nchi hii, ulipokuwa mgeni kwenye gereji ya mabasi, hujui nani anakutania na nani anakutukana.

Basi, kwenye filamu ya jana wezi wawili wamebeba kasha la chuma, jasho linawatoka, polisi wako mtaa wa pili. Bibi kizee anafika na vikapu vyake. Mmoja analiweka kasha chini, anamshikia mlango. Bibi anamwomba ampandishie vikapu ghorofani. Lahaula, anampandishia! Mwenziwe anabaki njiani na lile kasha, anawaamkia wapita njia kama mtu anayengoja basi. Wala hapana anayetabasamu.

Nikacheka. Kwa sauti, nami nimo edani.

Zuwena akatoka jikoni na mwiko mkononi. Nikajua leo nitasemwa. Akaitazama televisheni, akanitazama miye, akauliza kuna nini cha kuchekesha. Nikaanza kumweleza: mwizi wa kwao si jitu, ni mtu kama jirani yako, mpango wake mzuri, bahati yake mbovu, na adabu ndiyo inayomponza. Maneno yako, yote, vile vile ulivyokuwa ukiyasema. Kumbe miaka yote ile kule jikoni nilikuwa nakusikiliza. Zuwena akaweka mwiko chini, akanishika, na hapo ndipo nilipolia.

Leo nimerudi kuwa kama gogo. Lakini zimebaki filamu kumi na moja kwenye kabati, nami nakuahidi nitazitazama zote, nimekaa kitako, mpaka mwisho.

Kwaheri, mume wangu, Mola akuangazie huko uliko. Umekufa unadhani ulikuwa ukicheka peke yako. Nisamehe.

Mkeo,
Mama Salma